Fundi Aliyesimama Nyuma ya Daktari



Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mtoto wa kike mwenye umri wa miezi 15 alilazwa juu ya meza ya upasuaji. Uzito wake ulikuwa kilo 4 hivi. Midomo na kucha zake zilikuwa za buluu. Daktari Alfred Blalock alishika kisu, na nyuma yake, juu ya kigoda, alisimama mwanaume mmoja Mweusi asiye daktari. Kila mara Blalock alimuuliza kama mshono unakwenda sawasawa, na kila mara yule mtu alijibu. Jina lake ni Vivien Thomas.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Watoto wengine huzaliwa na moyo wenye kasoro nne kwa pamoja, zilizoelezwa na Mfaransa Étienne-Louis Fallot mwaka 1888. Njia ya damu kuelekea mapafu huwa nyembamba mno. Damu hurudi mwilini bila hewa ya kutosha, na mtoto hugeuka buluu anapolia au kutembea. Wakati ule waganga waliweza kuutambua ugonjwa huo, bali hawakuwa na dawa.

Katika hospitali hiyo, daktari Helen Taussig aliongoza kliniki ya moyo ya watoto. Masikio yake yalikuwa yamedhoofika, hata akajizoeza kuusikiliza moyo wa mtoto kwa vidole vyake. Aliona jambo moja: kila mtoto huwa na mshipa mdogo karibu na moyo, ambao hujifunga baada ya kuzaliwa. Watoto wa buluu walizidiwa hasa mshipa ule ulipofunga. Basi akawaza: kwa nini tusiwatengenezee mshipa mwingine? Alimwendea Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka 1938 alikuwa amefaulu kuufunga mshipa kama huo kwa mtoto aliyebaki nao wazi. Gross hakulikubali wazo hilo. Taussig akarudi Baltimore, akalipeleka kwa Blalock, na Blalock akalikabidhi kwa Thomas.

Thomas alizaliwa mwaka 1910, akakulia Nashville, akajifunza useremala. Aliweka akiba ili asomee udaktari. Lakini uchumi wa Marekani ulianguka, benki ikafunga milango, na akiba yote ikapotea. Mwaka 1930 aliajiriwa na Blalock katika maabara, akahesabiwa kwenye orodha ya malipo kama mfagiaji, ingawa alifanya kazi ya mtafiti. Walipohamia Baltimore mwaka 1941, watu walisimama kumtazama Mweusi aliyepita kwenye korido akiwa amevaa koti jeupe.

Kwa muda mrefu Thomas alifanya majaribio juu ya mbwa wapatao 200. Kwanza alitafuta namna ya kuwatia hali iliyofanana na ya watoto wale, kisha namna ya kuwatibu. Mbinu iliyopatikana ni hii: mshipa unaopeleka damu mkononi hukatwa, na ncha yake huunganishwa na mshipa wa mapafu. Mkono haufi, kwa sababu mishipa midogo mingine huendelea kuulisha. Sindano zilizokuwapo zilikuwa kubwa mno kwa kazi hiyo. Thomas alizifupisha na kuzinoa upya kwa mikono ile ile iliyozoea mbao.

Yule mtoto wa kwanza alipata nafuu kwa muda, kisha hali ikarudi kuwa mbaya, akafariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Hawakukata tamaa. Mwezi wa Februari 1945 walimpasua mvulana wa miaka 6, na pale pale mezani midomo yake ikabadilika, ikawa na rangi ya uzima. Baada ya habari kuenea, wazazi walileta watoto wao kutoka nchi za mbali. Upasuaji huo haukuondoa kasoro zenyewe, ila uliwapa watoto muda wa kuishi; mwaka 1954 ndipo moyo wa namna hiyo ulipoanza kurekebishwa wote.

Makala iliyotangaza upasuaji huo mwaka 1945 ilikuwa na majina mawili: Blalock na Taussig. Thomas hakutajwa. Aliendelea kuwafundisha wapasuaji vijana, ambao wengine walipata sifa kubwa duniani. Picha yake ilitundikwa hospitalini mwaka 1971, miaka 27 baada ya siku ile ya kigoda. Mwaka 1976 chuo kikuu kilimpa shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1985.

Tunajifunza nini? Mtoto hakuponywa na mtu mmoja. Bila jicho la Taussig wazo lisingalizaliwa. Bila Blalock mlango wa chumba cha upasuaji usingalifunguka. Bila Thomas mshono usingalishika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini methali hiyo inatudai zaidi ya kusaidiana: inatudai pia kuvihesabu vidole vyote. Kumshukuru mmoja na kumficha mwingine ni kumdhulumu, hata kama kazi ni njema.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika hospitali au kituo cha afya cha kwetu, ni nani wanaofanya kazi bila kutajwa?
2. Thomas alikosa shule aliyoitamani, lakini hakuuacha ujuzi. Je, mlango ukifungwa mbele yetu, tunafanya nini na mikono yetu?
3. Katika kikundi chetu wenyewe, kazi ya nani imepewa jina la mwingine?