Lava ya Olduvai na ugomvi wa ncha za sumaku

Juni 26, 1964, miezi miwili kamili baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple. Humo kipindi kimoja cha historia ya sumaku ya dunia kilipewa jina la bonde letu la Ngorongoro: Olduvai. Zaidi ya miaka 60 imepita na jina hilo limo katika vitabu vya jiolojia duniani kote. Lakini muulize mwanafunzi wa Newala au Masasi habari za Olduvai, atakutajia fuvu la zamadamu Zinjanthropus, basi. Lava iliyolala chini ya fuvu hilo haitajwi, ingawa ndiyo iliyosaidia kujibu swali gumu: je, ncha ya kaskazini na ncha ya kusini za sumaku ni vitu viwili kweli?

Watoto wa Mkunya, kule Newala, wanaobomoa spika ya redio iliyokufa wanalijua jibu kwa mikono yao. Ile pete nyeusi ya nyuma ni sumaku. Igonge kwa nyundo ipasuke vipande viwili, kisha ujaribu kuvirudisha pale pale vilipoachana: vinasukumana, vinakataa kuungana. Pindua kimoja chini juu, vinanasana kwa kishindo. Hakuna kipande kilichobaki na kaskazini peke yake. Kila kimoja kina ncha zake mbili, hata ukikisaga kiasi gani.

Petrus Peregrinus, msomi wa Kifaransa, aliliandika jambo hilo mwaka 1269. Katika miaka ya 1820 mwanafizikia Ampère akaeleza chanzo chake: usumaku hutokana na umeme unaozunguka. Mzunguko ukiutazama upande huu, umeme unakwenda kama mishale ya saa. Ukienda upande wa pili, mzunguko ule ule unakwenda kinyume. Upande mmoja tunauita kaskazini, mwingine kusini. Mwaka 1931 mwanafizikia Paul Dirac alionyesha kuwa hesabu haikatazi kuwapo kwa ncha ya pekee, na Februari 14, 1982 chombo cha Blas Cabrera huko Stanford kilinasa ishara moja iliyofanana nayo. Haikurudi tena.

Dunia nayo ni sumaku, tena sumaku isiyotulia. Lava inapopoa, chembe za madini ya chuma ndani yake huelekea kama dira na kuganda hivyo. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alipata mawe yaliyoelekea kinyume na dira ya leo, na mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akadai kwamba ncha za dunia ziliwahi kubadilishana nafasi. Wengi hawakumsadiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Takesi Nagata, naye Mjapani, akatoa jiwe la mlima Haruna ambalo lilipopozwa maabara lilijigeuza lenyewe. Kama jiwe linaweza kujigeuza, wapinzani walisema, kuna haja gani ya kuigeuza dunia nzima?

Olduvai iliingia hapo, na iliingia na ugomvi wake. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliliokota fuvu la Zinjanthropus Julai 17, 1959, na mumewe Louis akalikadiria kuwa na miaka 600,000. Mwaka 1961 Louis, pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, alitangaza kwamba majivu ya volkano ya tabaka lenye fuvu hilo yana miaka milioni 1.75. Wino haujakauka, watafiti von Koenigswald, Gentner na Lippolt wakaja na kipimo cha Heidelberg: basalti, yaani ile lava iliyo chini ya majivu hayo, ina miaka milioni 1.3. Msingi umekuwa kijana kuliko paa! Pande zote mbili zilitumia njia ile ile ya kupima umri kwa potasiamu na agoni, na zote zilichapisha katika jarida la Nature. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwamba ulioharibiwa na maji na hali ya hewa hupoteza agoni, na umri wake huonekana mdogo.

Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay waliipima basalti hiyo kwa jambo lingine kabisa, yaani mwelekeo wa sumaku yake. Walikuta inaelekea kama dira ya leo, ilhali mawe ya sehemu nyingine ya enzi hiyo yameelekea kinyume. Ingekuwa rahisi kusema jiwe la Tanganyika limekosea. Cox na wenzake hawakusema hivyo. Walisema dunia iligeuka, ikakaa hivyo muda mfupi, ikageuka tena. Mwaka 1966 udongo wa sakafu ya bahari na vipimo vya meli Eltanin katika Pasifiki ya kusini vilionyesha alama hiyo hiyo. Mawe ya kujigeuza kama la Haruna yalionekana kuwa machache.

Leo kipindi cha Olduvai kinahesabiwa kuanzia takriban miaka milioni 1.9 iliyopita hadi milioni 1.8. Kuanzia 1985 hadi 2009 mwanzo wa enzi ya Pleistosini uliwekwa Vrica, Italia, karibu na mwisho wa kipindi hicho.

Kwa hiyo hata ncha iliyoko Aktiki, inayovuta kaskazini ya dira zetu, kwa hesabu ya fizikia ni ya kusini, na imewahi kuwa kinyume chake mara nyingi. Kaskazini na kusini ni pande mbili za kitu kimoja, ndiyo maana zinaweza kubadilishana, na ushahidi mmoja mzito wa mabadilishano hayo ulitoka katika ardhi yetu. Waandaaji wa vitabu vya sayansi vya shule zetu wautengee aya moja, na walimu wa Newala na Masasi wasingoje kitabu kipya ndipo waufundishe.