Mbegu isiyo punje

Kamusi huanza na punje: mbegu ni kile kinachofukiwa kikaota. Mkulima analitumia neno hilo kwa upana zaidi. Mbegu ya muhogo ni pingili ya shina, mbegu ya viazi vitamu ni marando, na mbegu ya mgomba ni chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake.

Maana hiyo pana ndiyo inayomfaa anayetaka kupanda hopsi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu yake. Marekani, hasa bonde la Yakima katika jimbo la Washington, ndiko kwenye mashamba makubwa ya hopsi. Huko, mtu anayeanza kuilima nyumbani hanunui punje. Hununua kipande cha shina la chini ya ardhi, chenye macho kama tangawizi.

Sababu ipo. Hopsi ina mimea dume na mimea jike, na koni za kutengenezea bia hutoka kwa jike. Punje ni bahati nasibu; kipande hurithi jinsia na sifa zote za mama.

Hufukiwa majira ya kuchipua, sentimita chache tu chini, macho yakitazama juu, kisha husimikiwa kamba ndefu, maana hopsi huweza kutambaa zaidi ya mita 5 kwa msimu mmoja. Mwaka wa kwanza mavuno ni haba.

Basi, kipande hicho kiitwe mbegu bila kusita.