Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Mlimani

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, Sheria. Wanafunzi hawakufika 20, na shahada zilitoka London. Mlimani kilihamia 1964. Kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo.

Cheo hicho ni cha heshima. Mtendaji ni Makamu Mkuu wa Chuo, na taaluma husimamiwa na Seneti. Vitivo vingi sasa ni ndaki. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilijitenga 1984, vyuo vya Muhimbili na Ardhi 2007.

Ukumbi wa Nkrumah ulio mbele yako uliwahi kuwemo pia mfukoni: ulikuwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ambayo sasa haitumiki.