Mgeni wa Uani na Mwenyeji wa Bwawani

Wako wasemao kwamba kila mmea uotao porini ni mwenyeji, na kila upandwao penye nyumba ni mgeni. Neno hili twataka kulipima kwa mimea ya hibiskusi, jamaa ya choya, ambayo hata bamia ilihesabiwa humo zamani.

Katika nchi ya Kagondo, huko Bukoba na Muleba, kama kwingineko kwingi, hibiskusi ya maua mekundu hupandwa kuwa ua wa nyumba. Linnaeus aliiandika mwaka 1753 kwa jina la Kilatini lenye maana ya waridi la China. Huzaa mbegu kwa nadra. Huenezwa kwa kukata vijiti na kuvipanda. Basi mtu akiikuta katikati ya kichaka, asidhani imejiotea. Yaelekea amesimama juu ya mahame, maana mkono wa mtu ndio ulioileta.

Mwenyeji ni mwingine. Kando ya mabwawa na mito ya nchi za Ziwa Victoria huota hibiskusi ya maua ya manjano yenye kitovu cha zambarau iliyoiva, na shina lake lina miiba midogo. Hii haimngojei mkulima; mbegu zake zaitosha. Lakini bwawa likikaushwa, haina pa kwenda. Na kwa kuwa haikupandwa na mtu, hakuna ailiaye.

Tena mwenyeji aweza kupotea hata vitabuni. Pwani ya Kenya na Tanzania iko hibiskusi ya maua yaning'iniayo, yaliyochanika kama nyuzi. Mwaka 1879 wataalamu wa Ulaya waliiandika kuwa ni namna tu ya ile ya maua mekundu. Mwaka 1880 ndipo J. D. Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, alipoipa cheo chake yenyewe. Leo yapandwa katika bustani za nchi nyingi za joto, na huko yenyewe ndiyo mgeni.

Hivyo pori si ushahidi wa uenyeji, wala bustani si ushahidi wa ugeni. Twawasihi wasomaji wetu wa Buhaya wawaulize wazee jina la ua la manjano la bwawani, waliandike. Mmea usio na jina vinywani mwa watu huitwa gugu, na gugu hung'olewa.