Madison Square Garden: Jina Moja, Majengo Manne

Ukiuliza Madison Square Garden ya New York ilifunguliwa lini, utapewa miaka minne tofauti, na yote ni sahihi. Ya kwanza ilianza kutumia jina hilo mwaka 1879, kando ya bustani ya Madison Square, mahali palipokuwa na kituo cha reli. Haikuwa na paa, kwa hiyo haikudumu. Mwaka 1890 likasimama jengo la fahari lililosanifiwa na Stanford White, ambaye mwaka 1906 alipigwa risasi na kufa juu ya paa la jengo hilo hilo, onyesho likiendelea. Ya tatu, ya 1925, promota wa ndondi Tex Rickard aliijenga kwa siku 249, mbali na bustani yenyewe. Jina likahama, bustani ikabaki.

Ya nne, ya leo, ilifunguliwa Februari 11, 1968, na ina doa. Ili ipate nafasi, jengo zuri la kituo cha treni cha Penn Station lilianza kuvunjwa mwaka 1963, na kituo kikasukumwa chini ya ardhi. Wakazi walikasirika kiasi kwamba mwaka 1965 jiji lilitunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria.

Wengi huikumbuka kwa Machi 8, 1971, Joe Frazier alipomwangusha Muhammad Ali kwa ngumi ya kushoto katika raundi ya 15 na kushinda kwa pointi. Sisi wa huku tuna usiku wetu mwingine: Februari 6, 1981. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyekuwa ametoka kutwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow, alikimbia mita 5,000 humo kwa dakika 13 na sekunde 20.4, rekodi ya dunia ya ndani ya ukumbi. Njia ilikuwa ya mbao, fupi mno: maili moja ilihitaji mizunguko 11. Nyambui alizunguka mara 34 na ushei, kona zikifuatana bila nafasi ya kunyoosha miguu. Ajabu ni kwamba kwetu pambano la Ali linasimuliwa hadi vijiweni, na mbio hizi hazitajwi sana.

Sakafu ya ukumbi iko ghorofani, treni zikipita chini kabisa. Barafu ya timu ya hoki ya Rangers hukaa msimu mzima. Knicks wakicheza kikapu, mbao hutandazwa juu yake, na watu zaidi ya 19,000 hujaa. Billy Joel naye alipanda jukwaa hapo karibu kila mwezi kuanzia 2014 hadi 2024.

Ila uwanja huu unaendeshwa kwa kibali cha jiji. Mwaka 2013 baraza la jiji liliupa kibali cha miaka 10. Mwaka 2023, mjadala wa kukarabati Penn Station ukiwa umepamba moto, likaupa miaka 5 tu.