Jembe Lililofungua Njia ya Pwani

Lusewa, iliyohesabiwa zamani katika Wilaya ya Songea na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Namtumbo, ni nchi ya Wayao na Wandendeule, kaskazini ya mto Ruvuma, mbali na bahari na mbali na reli. Na mgeni apitaye huko akatazama mashamba na njia zake ndefu za msituni, huenda akadhani kuwa maarifa ya ufundi na ya biashara yaliletwa juzi na mabwana shamba na wenye magari. Dhana hiyo yawadhulumu watu waliotangulia. Kijana wa leo atafutaye nasaha za wafanyabiashara na wavumbuzi hana haja ya kuzifuata ng'ambo kabla hajawasikiliza wahunzi wa Kiyao.

Habari zao twazipata kwa kasisi Yohanna B. Abdallah, Myao aliyehudumu Unangu, ng'ambo ya kusini ya Ruvuma, ambaye aliwasikiliza wazee wa kabila lake, akayaandika kwa Chiyao yale waliyoyakumbuka, katika kitabu kiitwacho Chiikala cha Wayao, kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Abdallah asimulia kuwa hapo kale Wayao hawakuwa na tijara na watu wa pwani, na kuwa walioanza kutembea nchi kwa nchi walikuwa Wachisi, mbari ya wahunzi, waliofua majembe na mashoka wakayabadili kwa mali ya watu waliowafikia. Kwa safari hizo wakasikia habari za mbali, na habari zikawavuta watu mpaka Kilwa, wakichukua tumbaku, majembe na ngozi, na kurudi na nguo, chumvi na ushanga. Aliyekwisha kusafiri akapata heshima kijijini. Aliyekaa nyumbani tu akadharauliwa.

Yafaa tusimame kidogo mbele ya kazi ya mhunzi, kwa kuwa jembe ni kitu tukitumiacho kila mwaka pasipo kufikiri gharama ya akili iliyokizaa. Mawe yenye chuma yalitiwa katika tanuri la udongo pamoja na makaa, na mivukuto ya ngozi ikavuvia upepo kwa njia ya mabomba ya udongo saa baada ya saa, wavuviaji wakipokezana, maana moto ukilegea kabla ya wakati taabu yote ni hasara. Donge lililotoka halikuwa chuma safi bado, bali lilichanganyika na mavi ya chuma; likapashwa moto, likawekwa juu ya fuawe, likapigwa, likarudishwa motoni, likapigwa tena, hata takataka zikatoka, na bapa likatanda lenye mkia wa kuchomekwa katika tundu la mpini. Huo ni utafiti kamili, ijapokuwa haukuandikwa: ni mawe gani yafaayo, ni mti gani utoao makaa makali, ni rangi gani ya moto imwambiayo fundi kuwa wakati umewadia. Kila jawabu lilipatikana kwa kujaribu na kukosa, na kila kosa lilikula makaa na nguvu za watu.

Njia waliyoishika wasafiri wa Kiyao kwenda Kilwa ilikuwa ya kale. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitoka Tete katika bonde la Zambezi, akavuka Ruvuma na kufika Kilwa kwa nchi kavu. Lakini insafu yatulazimisha kusema yaliyofuata. Tijara iliyoanza kwa jembe, chombo cha uhai, ikaingia katika pembe za ndovu, kisha ikaingia katika wanadamu. Na katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa, njia zile zile zilizofunguliwa kwa mikono ya mafundi zilipitisha watu waliofungwa shingoni. David Livingstone, aliyepita kando ya Ruvuma mwaka 1866, aliwaona maiti njiani. Si haki kumtwika mhunzi dhambi ya mfanyabiashara wa watu. Lakini haifai pia kuisifu biashara ya Wayao na kuunyamazia mlango huo, kwa maana faida iliyosahau utu wa jirani iliiangamiza nchi ile ile iliyoizaa.

Jirani, naye, ndiye aliyekuwa mtaji wa Wandendeule. P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyetumwa na serikali ya Tanganyika, alikaa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaona wanaume wengi wakienda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na akaona pia jinsi mwenye shamba alivyoweza kukusanya jamaa na majirani wakalima pamoja, kisha naye akaenda kulima kwao. Kitabu alichokitoa mwaka 1971 chaeleza kwamba nguvu ya mtu ilikuwa katika wale aliokwisha kuwasaidia. Kwa msingi wa namna hiyo wakulima wa tumbaku ya moshi, wenye kutundika majani juu ya fito ndani ya bani na kuuchunga moto mdogo usiku na mchana, walipata chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoanzishwa mwaka 1936 ili mazao yauzwe kwa sauti moja.

Waliofika mbali zaidi katika ushirika wa namna hiyo walikuwa vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walioanza kijiji cha Litowa mwaka 1960, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Jaribio la kwanza liliwashinda, wakarudi tena. Wakalima pamoja, wakafungua shule yenye mafunzo ya maisha yao wenyewe, wakapata mashine ya kusaga, na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kikakusanya vijiji 17. Mwalimu Nyerere alikistahi. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, na kazi iliyojengwa kwa hiari ikazimwa kwa amri. Naona lilikuwa kosa, na mkoa wa Ruvuma ulipoteza chuo chake bora cha ujasiri.

Enyi walimu na vijana wa Lusewa, nawaomba mfanye kama Abdallah alivyofanya. Ikiwa nyumbani kwenu pamebaki jembe la kale, au mahali shambani penye mavi ya chuma, mwulizeni babu au bibi ni nani aliyelifua, mawe yalitoka mto gani na makaa yalitoka mti gani. Kisha yaandikeni majibu pamoja na majina, mwaka huu, wakati wenye kumbukumbu wangali hai.