Injini Iliyosemekana Kuwa ya Babu

Tangu nilipopata akili nimesikia katika ukoo wetu kwamba pikipiki iliyokuwa ikikaa katika gereji ya ami yangu mjini Houston ilijengwa juu ya injini ya babu. Injini hiyo, tuliambiwa, iliondoka Unguja mwaka 1964 imefichwa ndani ya gunia la mbata, ikapita Mombasa, ikakaa Maskati miaka kadhaa, kisha ikavuka bahari hadi Texas katikati ya nguo za sanduku. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika habari hiyo katika kurasa hizi bila ya kuitia shaka. Leo naandika kuisahihisha, na wale jamaa zangu watakaoudhika nawaomba wanisome hadi mwisho.

Ami alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wake walipokubaliana kuiuza nyumba, walinipigia simu huku Irving, jirani na Dallas, wakaniomba nikaichukue pikipiki kabla haijaangukia mikononi mwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikakodi trela, nikashuka kwa barabara kuu ya 45, mwendo wa kilomita zipatazo 385, nikapita Corsicana na Huntsville, nikaingia Houston magharibi ikiadhiniwa katika simu yangu.

Chombo chenyewe hakikuwa na urembo. Fremu ni mabomba ya chuma aliyoyapinda na kuyachomelea ami kwa mkono wake. Magurudumu ni madogo, kipenyo chake na mpira kama sentimita 40. Breki ni moja tu, ya nyuma. Injini imekaa katikati, na kwenye mhimili wake kuna klachi inayoshika yenyewe pale injini inapoongeza mzunguko, na inayoachia inapopungua. Sproketi ya mbele ina meno 12, ya nyuma 72. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 600, na hesabu hiyo hutoa mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Binamu zangu wanakumbuka wakipakiwa kwa zamu katika uwanja mtupu wa maegesho, siku za Jumapili asubuhi. Barabarani haikupata kwenda, kwani haikuwa na taa, wala namba, wala karatasi yoyote ya serikali.

Nyuma ya kiti kuna keria ya baiskeli, na juu ya keria limefungwa kwa waya kopo tupu la samli. Kopo hilo nililiona, nikadhani ni la kuwekea spana.

Nyumbani Irving nilianza kuisafisha injini kwa brashi na mafuta ya taa. Chini ya tabaka la uchafu, katika bati linalofunika feni, zikatokea tarakimu zilizogongwa. Injini ni ya Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee katika jimbo la Wisconsin. Kampuni hiyo ina desturi njema kwa mtafutaji wa historia: katika namba ya aina, tarakimu mbili za mwanzo hutaja ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, na katika namba ya utengenezaji, mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, na mbili nyingine ni siku. Yetu ilianza na 13, yaani injini ya nguvu ya farasi watano. Na namba ya utengenezaji ilianza na 780412.

Tarehe 12 Aprili 1978. Babu alikuwa kaburini Maskati tangu 1975.

Nakiri kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa kulipaka bati lile rangi nene na kunyamaza. Nani angeumia? Familia zilizohama huishi kwa masimulizi ya namna hii. Nyumba zilibaki, mashamba yalibaki, hati nyingi ziliteketea, na kitu kimoja kinachodaiwa kuwa kilitoka huko huwa kama shahidi wa mwisho. Lakini nimekwisha kuwasumbua wengi wenu kwa kudai tarehe na majina ya majahazi, na isingekuwa haki nijisamehe mwenyewe.

Basi nikampigia simu shangazi yangu Maskati, dada mkubwa wa ami. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali nikamweleza nilichokiona. Alikaa kimya, kisha akacheka.

"Mwanangu, injini ya baba haikutoka Unguja. Nani angebeba chuma siku zile? Tulibeba watoto."

Akanisimulia. Mwaka wa uchaguzi wa kwanza, yaani 1957, babu alipata injini ndogo iliyokuwa ikivuta maji ya kisima shambani. Pampu yake ilikuwa imevunjika na mwenye shamba ameagiza nyingine. Akaifunga katika baiskeli ya Raleigh nyumbani kwao Mwembetanga. Hakuwa na cheni ya kufaa, akatumia mkanda wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu. Masika ilipoingia mkanda ukawa unateleza, na watoto walimsukuma babu huku wakimzomea. Ami, aliyekuwa na miaka saba, ndiye aliyepandishwa mbele.

"Na petroli aliiweka wapi?" nilimuuliza, kwa ajili ya ukamilifu tu.

"Nyuma, kwenye keria. Alitoboa kopo la samli akatia mpira. Mama alimgombeza mwezi mzima kwa kopo lile."

Niliiweka simu chini nikarudi gerejini. Katika aina hii ya injini ya Briggs & Stratton, tangi dogo la petroli limeungwa papo hapo chini ya kabureta; injini hujinywesha yenyewe, haihitaji tangi jingine. Nililifungua kopo la ami. Halikuwa na tundu wala alama ya mpira, na halikuwa na harufu ya petroli. Halikupata kutiwa kitu tangu lilipofungwa pale.

Mambo mengine niliyapata kwa binamu. Ami alifika Houston mwaka 1979 kusoma, akifanya kazi usiku. Injini aliinunua pamoja na mashine mbovu ya kulimia bustani, iliyowekwa kuuzwa mbele ya nyumba ya mtu. Kimbunga Ike kilipopiga pwani ya Texas tarehe 13 Septemba 2008, na zaidi ya wateja milioni mbili wa eneo la Houston wakakosa umeme, ami aliitoa cheni ya pikipiki, akafunga puli na mkanda, akaizungusha altaneta ya gari ili kuchaji betri. Nyumba ikapata taa moja na feni moja ndogo. Puli ile ingalipo gerejini kwangu.

Na si kwamba babu au ami alibuni jambo geni. Mwaka 1946, katika mji wa Hamamatsu nchini Japani, Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya redio za jeshi, vita vikiwa vimekwisha, akazifunga katika baiskeli. Katika ile ya kwanza ya majaribio, tangi la petroli lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda. Akiba ya injini ilipokwisha akaanza kutengeneza zake, na kampuni yake ikaundwa mwaka 1948. Nilipoisoma habari ya chupa ile nilimkumbuka bibi na kopo lake la samli, nikajiuliza mke wa Honda alisema nini.

Binamu mkubwa, mwana wa ami, hakufurahi. Nilipompelekea picha ya tarakimu aliniandikia neno moja tu: "Umemnyang'anya babu." Nikamjibu kwamba pikipiki zilikuwa mbili, na sisi ndio tulioziunganisha zikawa moja, baba yake hakupata kusema kwa kinywa chake kuwa injini ilitoka Unguja, ila hakumkatiza aliyesema. Hajanijibu. Katika orodha ya ukoo nimeandika mistari miwili badala ya mmoja: Mwembetanga, 1957, Houston, baada ya 1979.

Mwezi uliopita nilisafisha kabureta na kubadilisha plagi, na injini ikawaka nilipoivuta kamba mara ya tatu. Jamaa mmoja wa Fort Worth, fundi wa kuchomelea, alikuja kuitazama. Alilishika kopo, akaligeuza, akasema lingetoboka kwa dakika mbili na kuwa tangi la kweli. Nilimshukuru, nikalipokea, nikalifunga tena kwenye keria kwa waya ule ule.